Pakiti ya Kijani Kabatini

Alhamisi, tarehe 19 Novemba mwaka 2015, saa tatu asubuhi, Inspekta Hsueh Pi-yun alipanda ngazi za kilima cha Nuannuan huku viatu vyake vyote viwili vimeloa. Mvua ya Keelung ilikuwa imenyesha siku kumi na moja mfululizo, na mwavuli wake ulikuwa umevunjika ubavu mmoja tangu siku ya tatu. Nyuma yake alikuja Sajini Tu, ambaye alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu na alikuwa akihesabu ngazi kwa sauti.

"Sitini na saba... Bosi, nani alijenga nyumba ya wazee mlimani? Wazee wenyewe walipandaje?"

"Kwa gari, Mzee Tu. Barabara iko upande wa pili."

Sajini akasimama. "Na sisi je?"

"Barabara imefungwa. Udongo umeporomoka."

"Sitini na nane," alisema sajini, akaendelea kupanda.

Jalada alilolibeba Hsueh lilikuwa jembamba. Jumanne ya tarehe 3 mwezi huo, Bibi Lien, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, aliteleza bafuni katika ghorofa ya tatu ya nyumba hiyo, akavunjika nyonga. Aliivuta kamba ya kengele ya dharura, lakini kwenye meza ya wauguzi hapakusikika kitu. Kompyuta ya wauguzi ilikuwa imeandika kimyakimya kwamba kengele zote za ghorofa ya tatu zilipotea saa nane na dakika tano mchana, zikarudi saa tisa kasoro dakika tatu. Zilikuwa zimepita dakika hamsini na mbili. Sasa Bibi Lien alikuwa hospitalini na homa ya mapafu, na kila aliyeingia chumbani alimwambia maneno yaleyale: "Nilivuta kamba."

Kosa lilikuwa limekwisha kupata mtu wa kulibeba. Kang Chih-wei, fundi wa mtandao, alikuwa amelifungua kabati la mitambo la nyumba hiyo asubuhi ya siku ileile. Mkurugenzi alikuwa ameandika kwamba fundi aliuacha waya wa kengele ukiwa haujakazwa, nao ukachomoka. Mwendesha mashtaka alitaka ripoti ya polisi ifikapo saa kumi na moja jioni. Ikiwa haitakuwa na jambo jipya, Kang angeshtakiwa kesho yake kwa uzembe uliomdhuru mtu, na baada ya hapo hakuna ambaye angemkabidhi tena ufunguo wa kabati lolote katika jiji hilo.

Mkurugenzi Fan Kuo-tung aliwapokea mlangoni akiwa na taulo mbili kavu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Karibuni, Inspekta. Poleni na ngazi. Chai ipo, lakini mimi nitawaangalia tu mkinywa yenye sukari. Daktari amenipiga marufuku vitu vitamu tangu mwaka juzi."

"Tuanze na kabati," alisema Hsueh.

Kang alikuwa tayari amesimama ukumbini, begi la vifaa begani. Alikuwa ameruhusiwa kushuhudia ufunguzi, asiguse kitu. Umri wake ulikuwa wa miaka arobaini na kidogo, na mikono yake ilikuwa na makovu madogomadogo ya ncha za waya.

Kabati lilikuwa la chuma, refu kama mtu, ndani ya chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Karatasi nyeupe ilikuwa imebandikwa kwenye mwanya wa mlango, na juu yake muhuri mwekundu wa jina la Fan ulikuwa umegongwa mara mbili, nusu kwenye karatasi na nusu kwenye chuma.

"Nililifunga saa tisa na nusu siku ileile ya ajali," alisema Fan. "Halijafunguliwa tena."

"Muhuri huu unakaa wapi?"

Fan akagusa mfuko wa shati lake. "Hapa. Hata nikienda kuoga ninakwenda nao."

Hsueh aliipiga karatasi picha, akaikata kwa wembe, akafungua. Ndani kulikuwa na kisanduku kimoja cheusi chenye taa ndogo za kijani, kile ambacho mafundi hukiita swichi, kinachougawa mtandao kwenda kila chumba. Kilikuwa na matundu ishirini na manne, na kila tundu lilikuwa na waya. Kila waya ulikuwa na kibandiko cheupe chenye maandishi ya mkono, safi kama daftari la shule. Kwenye tundu la kumi na nne palikuwa pameandikwa: KENGELE, GHOROFA YA 3.

Juu ya kisanduku, kama ilivyo katika kila chumba cha mitambo kutoka kaskazini hadi kusini mwa kisiwa, palikuwa na pakiti moja ya kijani ya vitafunwa vya mahindi vya ladha ya nazi, kwa imani ya mafundi kwamba pakiti nzima ya kijani huifanya mitambo itulie; ilikuwa haijafunguliwa, uso wake wenye picha ukiwaangalia.

"Angalau pakiti ipo," alinong'ona Sajini Tu, "tena ya kijani. Pale kituoni kwetu kuna mjinga mmoja aliweka ya njano kwenye mashine ya faksi. Ilichukua wiki mbili kupona."

"Nani huyo mjinga?"

"Tusitajane majina, bosi."

Sajini alipiga magoti kwa shida, akamulika sakafu ya kabati kwa tochi. "Kuna makombo huku chini. Panya."

"Ndiyo," alisema Fan haraka. "Panya wapo. Mvua hii inawaleta ndani. Labda ndio waliouvuta waya."

Hsueh aliokota kombo moja kwa kibanio, akalisogeza puani. Lilinukia nazi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye pakiti.

"Afande, taratibu!" alisema Kang, na hilo likawa neno lake la kwanza. "Usiifinye, tafadhali. Ikipasuka..."

"Ikipasuka itakuwaje?"

Fundi alitazama chini. "Haipaswi kupasuka."

Hsueh aliizungusha pakiti kwa ncha za vidole vyenye glavu. Ilikuwa nzima kila upande, imejaa, haina alama ya meno ya panya. Akampa sajini, naye akaitia katika mfuko wa ushahidi.

*

Alimhoji Kang kwenye benchi la ukumbini, mbele ya dirisha lililofunikwa na maji. Kang alitoa mfukoni kitonge cha wali kilichofungwa kwa mwani, akakitazama, akakirudisha.

"Kula tu," alisema Hsueh.

"Nikila nikiwa nimekaa tumbo linashangaa, Afande. Mimi nimezoea kula nikipanda ngazi. Huwa ninahudumia sehemu kumi na moja kwa siku, yaani nilikuwa ninahudumia. Kila mahali nikifika wananiambia maneno yaleyale: hakuna aliyegusa kitu, kilizimika chenyewe."

"Na huwa kweli?"

"Katika miaka kumi na tisa, kimezimika chenyewe labda mara tatu."

"Niambie ulichofanya siku ile, hatua kwa hatua."

Kang aliinua kidole kimoja. "Nilifungua, nikapiga picha kabla ya kugusa. Siku zote ninaanza hivyo. Kisha ninafuata kila waya kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu macho yanadanganya, na nyaya zote zinafanana. Ninauvuta kidogo kila mmoja. Ukikaza vizuri unasikia kama mtu anabana jino. Ninasoma vibandiko vya pande zote mbili. Kama kibandiko kimefifia, ninaandika kingine palepale, maana ukisema utaandika kesho, huandiki. Mwisho ninapiga picha nyingine, ninafunga, ninamwomba mwenyeji ajaribu kengele mbele yangu. Wauguzi walizijaribu. Waliniwekea sahihi saa tano na dakika ishirini."

"Hizo picha ziko wapi?"

"Kwenye simu. Nilimpelekea mkuu wangu, akanijibu kwamba picha ya asubuhi haionyeshi kilichotokea mchana." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesoma ratiba. "Na hapo hakukosea. Kisanduku chenyewe kingesema. Kinakumbuka kila waya ulipotoka na ulipoingia. Lakini hiki ni cha bei ya chini, kumbukumbu yake inaishi umeme ukiwapo tu. Mkurugenzi alikizima na kukiwasha upya. Ndiyo maana ninawaambia watu kila siku: kabla hujazima, andika ni taa zipi zinawaka. Hakuna anayeandika. Kuzima ni rahisi."

"Matundu yote yamejaa," alisema Hsueh.

"Yamejaa tangu Machi. Nimewaandikia mara mbili kwamba wanahitaji kisanduku cha pili. Ukitaka kuongeza kitu hapo, lazima uchomoe kingine."

Hsueh aliandika sentensi hiyo, akaipigia mstari. Kisha akaichukua simu ya Kang, akaitazama picha ya pili. Vibandiko vilisomeka. Pakiti ya kijani ilionekana juu ya kisanduku, lakini upande uliotazama mlango ulikuwa wa nyuma, wenye namba nyeusi.

"Uliigeuza?"

"Mimi huwa naiweka hivyo. Tarehe ya mwisho itazame mlangoni, ili fundi anayekuja baada yangu aisome bila kuigusa. Ikikaribia kuisha muda, unabadilisha. Mengine, hata ukiniona mshamba, Afande, sina maelezo. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha naye alifundishwa hivyo."

"Mzee Tu," aliita Hsueh, "leta ule mfuko. Soma namba zote za nyuma."

Sajini alisogeza mfuko mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena. "Mwisho wa matumizi, tarehe 6 Agosti mwakani."

Hsueh aliikuza picha ya simu kwa vidole viwili. "Hapa ni tarehe 20 Mei. Endelea. Imetengenezwa lini?"

Sajini alisoma kimya. Akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akasoma tena.

"Tarehe 6 Novemba mwaka huu."

"Ijumaa," alisema Hsueh. "Siku tatu baada ya kabati kufungwa."

Kang aliishika kamba ya begi lake kwa mikono miwili.

"Panya wa Nuannuan," alisema Sajini Tu, "wanakwenda dukani."

*

Duka la karibu lilikuwa chini ya ngazi zilezile. Sajini aliteremka bila kuhesabu. Mwenye duka, Mama Chiu, alikuwa akichemsha mayai katika maji ya chai, na hakuinua macho hadi alipoona sare.

"Mwanangu, viatu hivyo vitakuua," alimwambia Hsueh. "Kaa. Na huyu babu naye akae, asije akaniangukia kwenye mayai."

"Sajini, si babu," alisema Tu.

"Sajini babu. Kuleni yai."

Walikula. Hsueh aliuliza kama kuna mtu wa nyumba ya wazee aliyenunua pakiti ya kijani siku za karibuni.

"Kijani wananunua mafundi, wananunua watu wa benki. Kule juu wanakula laini, hawana meno." Mama Chiu alikoroga sufuria. "Isipokuwa mkurugenzi. Jumatatu jioni, mvua inamwagika. Nilishangaa maana ana kisukari, hata peremende hanunui. Kijani zilikuwa zimeisha rafuni, nikamwambia chukua ya njano, tumboni zote zinafika sawa. Akakataa. Nikamwambia basi ngoja, boksi jipya limekuja leo asubuhi sijalifungua. Akasimama pale anasubiri kama mtoto, hadi nikalikata."

"Alinunua ngapi?"

"Moja. Ametelemka ngazi zote hizo kwa pakiti moja. Hakuomba hata mfuko, aliiweka ndani ya koti, hivi, kama mtu aliyebeba kifaranga."

Jumatatu, tarehe 16. Siku hiyo ndipo Hsueh alipopiga simu kueleza kwamba angekuja Alhamisi kulifungua kabati.

"Boksi lenyewe lipo?"

Lilikuwepo, chini ya meza. Namba zake zilikuwa tarehe 6 Novemba.

*

Saa nane mchana Hsueh aliketi katika ofisi ya Fan, Sajini Tu akiwa amesimama mlangoni. Aliomba kwanza kitabu cha wageni, akakifungua kwenye ukurasa wa tarehe 3.

"Maofisa wa jiji walikuja kuikagua nyumba yako. Waliingia saa nane kasoro dakika tano, wakatoka saa tisa kasoro dakika kumi."

"Ndiyo. Tulipata alama nzuri."

"Uliwaonyesha nini?"

"Taarifa ya mwaka, ukumbini, kwenye skrini kubwa."

"Skrini hiyo inahitaji mtandao?"

"Kuna video. Ndiyo."

"Matundu yote ishirini na manne yana nyaya. Skrini uliichomeka wapi?"

Mkurugenzi alitazama kikombe chake. Hsueh aliiweka mezani picha ya Kang, kisha mfuko wenye pakiti, kisha kipande cha karatasi chenye muhuri mwekundu.

"Hii ni pakiti ya saa tano asubuhi, siku ya ajali. Hii ni ya leo, na ilitengenezwa ukiwa umekwisha kulifunga kabati. Muhuri ni wako, na hautoki mfukoni mwako, umesema mwenyewe. Uliibandua karatasi ya kwanza, ukabandika nyingine na kuigonga upya. Na Mama Chiu anakusalimu."

Nje, muuguzi alipita akisukuma kigari cha chakula. Fan aliusikiliza mlio wa magurudumu hadi ulipoisha.

"Walikuwa wamelala," alisema. "Ghorofa ya tatu wote hulala baada ya chakula cha mchana. Nilisoma kibandiko, nikajua ni kengele. Nikauchomoa, nikasema ni nusu saa tu. Kisha ofisa mmoja akaanza kuuliza maswali, wakakaa. Walipoondoka nikawasindikiza hadi garini. Niliporudi nikasikia muuguzi anapiga kelele juu."

"Ukakimbilia kabatini."

"Niliurudisha waya haraka. Pakiti ikaanguka, nikaikanyaga. Nikakizima kisanduku, nikakiwasha. Baada ya hapo kila mtu alikuwa anauliza fundi ni nani, na mimi nikawajibu."

"Kang angefungwa."

"Nilidhani watamtoza faini."

"Hukudhani hivyo, Mkurugenzi."

Hsueh alifunga kitabu cha wageni. Alikuwa amebakiza swali moja, na aliliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kubadilisha soksi.

"Kwa nini uliweka nyingine? Ungesafisha na kuacha pale patupu. Mimi ni polisi. Nisingejua kwamba pana kitu kimepungua."

Fan alivua miwani.

"Kule juu kuna kengele sabini na mbili, Inspekta. Zote zinapita kwenye kisanduku kile, na juu yake palikuwa na pakiti iliyopasuka kwa mguu wangu. Siku kumi na tatu nilikuwa ninazunguka vyumbani nikivuta kamba moja moja, kuona kama zinalia. Waulizeni wauguzi, walidhani nimechanganyikiwa. Uliposema unakuja, nikasema basi, nina sababu ya kulifungua. Niliiweka mpya. Usiku ule nililala kwa saa nne nzima."

"Na ile iliyopasuka?"

Alivuta droo ya chini. Ndani, ikiwa imefungwa katika karatasi nyekundu iliyokunjwa vizuri, palikuwa na pakiti ya kijani, bapa, yenye alama ya soli ya kiatu cha mwanamume. Mwisho wa matumizi: tarehe 20 Mei.

"Sikuweza kuitupa kwenye takataka," alisema Fan.

Sajini Tu alifungua mfuko mwingine wa ushahidi. "Mimi pia nisingeweza," alisema polepole, akaipokea kwa mikono miwili.

*

Ripoti ilitumwa saa kumi na dakika arobaini, ikiwa na kurasa tatu. Mwendesha mashtaka alipiga simu kuuliza kama neno "vitafunwa" liliandikwa kwa makosa. Hsueh alimwambia hapana.

Kang alikuwa bado kwenye benchi. Alipoelezwa yaliyotokea na kwamba yuko huru, aliitikia kwa kichwa, akauliza kama sasa anaweza kugusa kabati.

"Hujafurahi, bwana?" aliuliza Sajini Tu.

"Nitafurahi nikifika nyumbani, Afande. Skrini ile ina waya mrefu. Wataichomeka tena."

Alitoa katika begi lake pakiti mpya ya kijani, akaiweka juu ya kisanduku, tarehe ikitazama mlango. Akavuta kidogo kila waya, akapiga picha. Kisha aliomba karatasi mapokezi, akaandika akiwa amesimama, akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Hsueh aliisoma akiwa ameshika mwavuli wake uliovunjika, hadi mstari wa mwisho, kisha akaisoma tena.

*Wewe uliyefungua mlango huu: piga picha kwanza. Soma kibandiko, kisha fuata waya kwa mkono hadi mwisho wake, ujue ni nani yuko huko. Ukikosa tundu, usichomoe. Nipigie simu, nitakuja hata kama mvua inanyesha. Usizime kabla hujaandika taa zinazowaka. Tarehe 3 Novemba Bibi Lien alivuta kamba. Kamba ilikuwa nzima, na yeye hakukosea. Ukishasoma, usiondoke nayo kichwani peke yako. Mwambie wa zamu inayokuja, naye amwambie atakayemfuata.*